Hodi Katika Ukuta wa Mshipa

Jumamosi moja asubuhi niliomba buchani kipande ambacho hakuna mteja anayekitaka: ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo wa mbuzi. "Hiyo huwa tunawapa mbwa, kaka," muuza nyama aliniambia, akaukata urefu wa kidole, akanifungia kwenye gazeti bila kunidai hela. Nyumbani niliupasua kwa mkasi na kuulaza kwenye sahani. Kwa nje ulikuwa na mafuta na nyuzinyuzi. Kwa ndani ulikuwa mweupe, unang'aa kama kikombe cha kauri, unateleza. Nikapitisha kidole juu ya ule utelezi mara moja, kama mtu anayetazama kama meza ina vumbi.

Kwa kitendo hicho nilikuwa nimeshaikwangua sehemu ya mshipa ninayotaka kuizungumzia hapa. Si mimi wa kwanza. Wataalamu wa dawa waliikwangua kwa vidole vyao kwa robo karne bila kujua, na muda wote huo wakabaki na fumbo ambalo jibu lake walikuwa wanalifuta wenyewe kila asubuhi maabarani.

Ukuta wa ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, una tabaka tatu. La nje ni la kushikilia, na humo ndimo zinamopita nyuzi za neva. La kati ni la misuli laini: seli zilizouzunguka mshipa kama pete, ambazo zikikaza mshipa unakuwa mwembamba na zikilegea unatanuka. La ndani kabisa, lile linaloguswa na damu, ni utando wa seli zilizopangwa safu moja tu, bapa kama vigae vya sakafuni. Madaktari huuita endotheliamu. Mimi nitauita utando wa ndani. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa plasta ya ukutani, kazi yake kuzuia damu isivuje, basi.

Kabla hatujaendelea, kuna hesabu moja ambayo msomaji hana budi kuwa nayo kichwani. Kiasi cha damu kinachopita kwenye mshipa hutegemea upana wake kwa kipeo cha nne. Ateri ndogo ikitanuka kwa asilimia 10 tu, damu inayopita humo kwa msukumo uleule huongezeka kwa takriban asilimia 46. Ikisinyaa hadi nusu ya upana wake, inayoweza kupita ni sehemu moja kati ya 16. Kwa hiyo presha anayokusomea muuguzi haitokani na nguvu ya moyo peke yake. Inatokana pia na ateri nyembamba kama unywele, zisizo na idadi, kila moja ikiamua kukaza kidogo au kulegea kidogo. Na uamuzi huo huanzia kwenye vipokezi, yaani protini za seli zinazopokea ujumbe.

Robert Furchgott, mfamakolojia wa Marekani, ndiye aliyekutana na lile fumbo nililolitaja mwanzoni. Mwaka 1953, akiwa St. Louis, alichapisha matokeo ya majaribio ya vipande vya aota, ule mshipa mkubwa utokao moyoni, ya sungura. Mshipa ulikatwa kwa kuzungushwa hadi ukawa ukanda, ukaning'inizwa katika maji ya chumvi yenye joto la mwili, ncha moja ikafungwa kwenye chombo kinachoandika kila unapokaza au kulegea. Ukidondoshea dawa majini, unasoma jibu kwenye karatasi. Alipodondosha asetilikolini, kemikali inayotumiwa na neva kupelekeana habari, ukanda ulikaza.

Hapo ndipo penye shida. Ukimdunga mnyama aliye hai asetilikolini hiyohiyo, presha yake hushuka, na sehemu kubwa ya sababu ni kwamba ateri zake hulegea. Kemikali moja, mshipa mmoja, majibu mawili yanayopingana. Watu wakaishi nalo. Vitabu vikaandika yote mawili, wanafunzi wakakariri yote mawili, na mtihani ukapita.

Fumbo liliteguka Mei 1978, na lilitegukia kwenye kosa. Furchgott alikuwa amehamia Brooklyn, New York. Siku hiyo maelekezo yalikuwa wazi: pete za aota zikazwe kwanza kwa noradrenalini, kisha zioshwe, ndipo idondoshwe karbakoli, ambayo ni ndugu wa asetilikolini. Msaidizi wake, David Davidson, aliidondosha karbakoli kabla ya kuosha. Badala ya kukaza zaidi, mshipa ukalegea.

Bosi mwingine angefoka, akaamuru kazi irudiwe, na karatasi ile ikaenda kwenye pipa la taka. Furchgott alijiuliza leo kuna nini kilicho tofauti. Akaona kwamba safari hii walitumia pete, yaani mshipa uliokatwa vipandevipande kama bamia, wala si ule ukanda wa siku zote. Ukanda, wakati wa kuutengeneza, ulikuwa unaguswaguswa upande wa ndani: kwa kidole, kwa karatasi, kwa meza. Pete haikuguswa. Wakachukua pete nzima wakaisugua ndani makusudi, na kulegea kukatoweka. Wakakata ukanda kwa uangalifu bila kugusa ndani, na ukanda ukalegea kama pete. Ile plasta ilikuwa na kazi nyingine.

Jaribio lililofuata ndilo ninalolipenda kuliko yote katika habari hii, kwa sababu lingeweza kufanyika hata jikoni. Walichukua ukanda uliokwanguliwa utando, ambao ukiwa peke yake haulegei hata uupe asetilikolini kiasi gani. Wakaulaza uso kwa uso juu ya ukanda mwingine wenye utando wake, kama vipande viwili vya mkate. Sandwichi, ndivyo walivyoiita. Wakadondosha asetilikolini, na ule uliokwanguliwa ukalegea. Kwa hiyo kuna kitu kilichotoka kwenye utando wa jirani kikavuka hadi kwenye misuli isiyokuwa na utando. Furchgott na John Zawadzki walilichapisha hilo mwaka 1980 katika jarida la Nature. Kitu chenyewe ni nini, hawakujua.

Sasa tuingie ndani ya seli taratibu, maana hapa ndipo penye utamu wenyewe.

Kipokezi ni protini iliyofumwa kwenye ngozi ya seli. Hiki tunachokizungumzia kinapita katika ngozi hiyo mara saba, ndani na nje, kama uzi wa mshonaji. Asetilikolini haiingii ndani ya seli hata kidogo. Inafika mlangoni, inapiga hodi, inaondoka. Mlango huo wataalamu wameupa jina la M3. Hodi ikipigwa, sehemu ya kipokezi iliyo upande wa ndani hujigeuza kidogo na kuiamsha protini jirani. Hiyo nayo huamsha kimeng'enya kinachokata kipande cha mafuta ya ngozi ya seli, na kipande hicho husafiri hadi kwenye ghala la kalsiamu na kulifungua. Kalsiamu inamwagika ndani ya seli.

Hadi hapa, msomaji, sijasema ni seli ipi, na sina haja ya kusema. Mlango wa M3 uko kwenye seli za utando na uko pia kwenye seli za misuli laini. Hodi ni ileile, mlolongo ni uleule, kalsiamu ni ileile. Kinachotofautiana ni kile ambacho kalsiamu inakikuta ndani.

Katika seli ya misuli inakuta kamba: protini zinazovutana. Kalsiamu inaziwasha, zinavutana, misuli inakaza. Katika seli ya utando hakuna kamba za kazi hiyo. Kuna kimeng'enya kilichosinzia, ambacho kalsiamu hukiamsha. Kikiamka, kinachukua arginini, asidi ya amino tunayoipata kwenye karanga, maharage na samaki, pamoja na oksijeni, na kutengeneza gesi: nitriki oksidi. (Isichanganywe na ile gesi ya kuchekesha ya madaktari wa meno. Hiyo ni nyingine kabisa, ingawa majina yanakaribiana.)

Gesi haihitaji mlango. Nitriki oksidi inapita kwenye ngozi za seli kama harufu ya kitunguu kinachokaangwa inavyopenya pazia. Inaingia kwenye misuli iliyo chini ya utando, na humo ndimo inamkuta mwenyeji wake, maana nayo ina kipokezi chake, ila hakiko mlangoni. Kimekaa ndani sebuleni. Ni kimeng'enya kilichobeba chembe ya chuma, kama ile iliyo kwenye hemoglobini ya damu. Gesi inatua juu ya chuma, kimeng'enya kinaanza kuzalisha molekuli ndogo iitwayo saikliki GMP, na molekuli hiyo ndiyo inayopitisha amri: kalsiamu irudishwe ghalani, kamba ziachiwe. Misuli inalegea. Mshipa unatanuka.

Ukiwa na utando mzima, kwa hiyo, hodi ya asetilikolini inajibiwa na utando, na gesi yake inalishinda jibu la misuli. Ukiukwangua, hodi inafika kwa misuli moja kwa moja, nayo inajibu kwa namna pekee inayoijua. Furchgott wa 1953 na madaktari waliowadunga wanyama wao wote walikuwa wamepima sawasawa. Walikuwa wamebisha kwenye nyumba mbili tofauti.

Ilichukua miaka mingine kuitambua ile gesi. Julai 1986, kwenye mkutano uliofanyika Rochester, Minnesota, Furchgott na Louis Ignarro, kila mmoja kwa njia yake, walitamka kwamba kitu kile ni nitriki oksidi. Wengi walikunja uso. Gesi hiyo ilijulikana kama uchafu wa hewa utokao kwenye bomba la gari. Nani angekubali kwamba mwili wa binadamu huitengeneza kwa makusudi? Mwaka uliofuata, 1987, Salvador Moncada, mzaliwa wa Honduras aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, pamoja na wenzake, waliipima ikitoka kwenye seli zenyewe. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998 ilikwenda kwa Furchgott, Ignarro na Ferid Murad, aliyekuwa ameonyesha tangu mwaka 1977 kwamba dawa za jamii ya nitrogliserini hutoa gesi hiyo. Moncada hakuwemo, na wapo wanaoona hadi leo kwamba alidhulumiwa. Mimi ni mmoja wao.

Waswahili husema mjumbe hauawi. Mjumbe wetu, nitriki oksidi, huuawa, tena upesi: baada ya sekunde chache tu. Ikigusana na hemoglobini ndani ya damu humezwa mara moja. Na ni heri iwe hivyo, kwani mjumbe anayedumu angesambaa mwili mzima na kulegeza hata mishipa isiyotakiwa kulegea.

Kuna swali ambalo makala nyingi za aina hii hulikwepa. Asetilikolini haizunguki katika damu. Ikitolewa na neva, vimeng'enya huikatakata palepale. Na ateri nyingi hazina neva zinazoitoa. Sasa kipokezi cha M3 kwenye utando wa ndani kinamsubiri nani? Ukweli ni kwamba mlango huo umewafaa zaidi watafiti kuliko unavyoufaa mwili. Wabishaji hodi wa kila siku ni wengine: bradikinini, histamini, ATP inayotoka kwenye seli zilizobanwa. Na aliye mkubwa kuliko wote si kemikali. Ni damu yenyewe inavyousugua ukuta inapopita. Utando una protini zinazohisi mkwaruzo huo, mojawapo ikiitwa Piezo1, na ugunduzi wa jamii hiyo ya protini ulimpa Ardem Patapoutian sehemu ya Nobel ya mwaka 2021. Damu ikienda kasi, Piezo1 hufunguka, kalsiamu huingia kwenye seli ya utando, gesi hutengenezwa, mshipa hutanuka. Ndivyo ateri zinavyojipanua unapopanda mlima bila kungoja amri ya ubongo.

Jambo hili hupimika bila kumkata mtu. Tangu mwaka 1992 watafiti hutumia njia ya kuufunga mkono kwa mpira wa kupimia presha kwa dakika kama 5, damu isipite, kisha kuufungua ghafla. Mkono unapata joto, damu inarudi kwa kishindo, na baada ya kama dakika moja kipimo cha mawimbi ya sauti huonyesha ateri ya mkono ikitanuka. Mwenye utando mzima, ateri hutanuka kwa asilimia kadhaa. Mvutaji sigara wa siku nyingi, au mwenye kisukari kisichodhibitiwa, hutanuka kidogo mno.

Zipo pia hodi za upande wa nje, zinazopigwa na neva na homoni moja kwa moja kwenye misuli. Raymond Ahlquist alipendekeza mwaka 1948 kwamba adrenalini ina milango ya aina mbili, alfa na beta, na kwa miaka mingi hakusikilizwa. Leo tunajua alfa-1 hukaza ateri za ngozi na utumbo, na beta-2 hulegeza za misuli ya miguu. Ndiyo maana mtu anayekimbizwa na mbwa hupauka uso huku miguu ikipata damu ya kutosha. Angiotensini, homoni nyingine, nayo ina mlango wake wa kukaza, na losatani, dawa ya presha inayopatikana karibu kila duka la dawa, kazi yake ni kuuziba mlango huo. Amlodipini, dawa nyingine ya presha, haishughuliki na hodi yoyote. Yenyewe hufunga vidirisha ambavyo kalsiamu hupitia kuingia kwenye misuli. Mgonjwa aliyepewa zote mbili hakupewa dawa moja mara mbili, kama wengine wanavyodhani.

Turudi kwenye utando. Mwaka 1986 madaktari wa Boston waliingiza asetilikolini polepole kwenye ateri za moyo za wagonjwa waliokuwa wakichunguzwa. Ateri zilizokuwa safi zilitanuka. Zilizokuwa na utando mgonjwa kwa sababu ya mafuta yaliyoganda ukutani zilikaza. Lilikuwa lile jaribio la Furchgott, safari hii ndani ya kifua cha binadamu, na maradhi ndiyo yaliyokuwa yamefanya kazi ya kidole. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba ateri mbovu ni bomba lenye kutu tu. Ni bomba ambalo ishara ya "tanuka" imegeuka kuwa "kaza".

Kwetu kuna ukurasa wa habari hii usiosomwa vya kutosha. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto wa Dar es Salaam wenye malaria: kadiri malaria ilivyokuwa kali, ndivyo dalili za kutengenezwa kwa nitriki oksidi mwilini zilivyokuwa chache. Mwaka 2003 ukafuata mwingine, pia wa watoto wa Dar es Salaam, ulioonyesha kwamba waliopata malaria ya ubongo walikuwa na arginini kidogo kwenye damu. Sababu zinashikana na yote tuliyoyaeleza. Vimelea hupasua chembe nyekundu, hemoglobini inamwagika nje ya chembe zake, na hemoglobini iliyo huru huimeza ile gesi kabla haijafika kwa misuli. Malighafi nayo imepungua. Utando unapiga kelele, sauti haifiki. Mwenye selimundu, ambaye chembe zake hupasuka siku zote, anaishi na upungufu wa namna hiyo hata asipokuwa na malaria.

Dawa kongwe kuliko zote katika habari hii inaruka utando kabisa. Mwaka 1879 daktari wa London, William Murrell, aliandika kwamba nitrogliserini kidogo sana huondoa maumivu ya kifua yanayotokana na moyo kukosa damu. Ni nitrogliserini ileile ya baruti. Alfred Nobel, aliyetajirika kwa kuitengenezea milipuko, aliandikiwa na madaktari aitumie kama dawa mwaka 1896, na katika barua kwa mwenzake alikiona kitendo hicho kuwa kejeli ya majaaliwa. Hakuna aliyejua dawa inafanyaje kazi. Leo tunajua: kidonge kinachoyeyuka chini ya ulimi huipa misuli nitriki oksidi moja kwa moja, bila hodi, bila kipokezi cha mlangoni, bila kujali utando ni mzima au umekwanguka.

Dawa changa ya ukoo huo ni sildenafili. Ilitengenezwa na kampuni ya Pfizer katika mji wa Uingereza unaoitwa, amini usiamini, Sandwich. Ilitafutwa iwe dawa ya maumivu ya moyo. Wanaume waliojitolea kuijaribu wakaona faida nyingine, ya nguvu za kiume, na mwaka 1998, mwaka uleule wa ile Nobel, ikaidhinishwa Marekani kwa faida hiyo. Haitengenezi gesi wala saikliki GMP. Inakizuia kimeng'enya kinachoisafisha saikliki GMP, hivyo amri ya kulegea inadumu muda mrefu zaidi.

Fikiria beseni. Nitrogliserini inafungua bomba, sildenafili inaziba tundu la kutolea maji. Mtu akizimeza zote mbili, beseni linafurika: ateri za mwili mzima zinalegea kwa pamoja, presha inaporomoka, na moyo uliokuwa tayari mgonjwa unakosa damu yake wenyewe. Watu wamekufa kwa namna hii. Na huku kwetu sildenafili huuzwa vibandani kwa majina ya kila aina, bila cheti na bila maswali, mara nyingi kwa wanaume wa umri uleule ambao wenzao wameandikiwa vidonge vya chini ya ulimi na wanaona haya kusema.

Usione haya. Ukiwa na dawa ya chini ya ulimi nyumbani, mwambie mfamasia kabla hujanunua nyingine. Na ukikimbizwa hospitali kwa maumivu ya kifua, mtajie daktari dawa uliyoimeza jana, hata kama mkeo amesimama pembeni: nitrati, yaani dawa za jamii ya nitrogliserini, hazitolewi ndani ya saa 24 baada ya sildenafili, na kwa tadalafili, ndugu yake, ni saa 48.